Sumu Iliyowaangusha Tumbusi wa Mwanhuzi

MWANHUZI, Meatu. Kabla jua halijachomoza, Kabula Maduhu amepiga magoti kando ya karo la machinjio, mikono imezama hadi viwikoni kwenye utumbo wa ng'ombe. Anageuza, anakamua, anasuuza. Pembeni ameweka fimbo ya kufukuzia mbwa.

"Zamani sikuhitaji fimbo," anasema mjane huyu mwenye watoto wanne. "Mabaki tulimwaga pale nyuma, tumbusi wanashuka, mchana pameshakuwa peupe."

Kazi hii humpa kama shilingi elfu saba kwa siku. Ndiyo inayowalisha tangu mumewe afariki.

Kiangazi cha mwaka jana alikuwa akienda lamboni kuteka maji alipowaona ndege hao wala mizoga wamelala mbugani, mabawa wazi. Wachache walikuwa bado wanatikisa shingo.

"Niliita jina la marehemu mume wangu, sijui kwa nini," anasimulia.

Katikati yao ulikuwa mzoga wa mtamba wa shemeji yake, Masele. Fisi walikuwa wamemuua ng'ombe huyo usiku, na Masele kwa hasira akaumwagia mzoga sumu ya wadudu wa pamba ili wakirudi wafe. Alikufa fisi mmoja. Tumbusi walikufa kundi zima.

Afisa mifugo, Gloria Bundala, alifika akasimamia mizoga yote ichomwe. Ndiye aliyemweleza Kabula kwamba nguvu ya jua huingia kwenye nyasi, nyasi humlisha ng'ombe, ng'ombe akifa huwalisha fisi na tumbusi, na kinachobaki hurudi udongoni kuotesha nyasi nyingine.

"Sumu ilifuata njia ileile ya chakula," Gloria alimwambia.

Baada ya hapo mabaki ya machinjio yakawa yanaoza palepale. Walikuja nzi, kisha mbwa wasio na mwenyewe, kila wiki wakiongezeka. Mmoja alimng'ata binti yake mdogo, Salu, akitoka shule. Kabula alikimbia naye hospitali, aproni ingali na damu ya ng'ombe. Salu alichomwa sindano zote za kichaa cha mbwa, na sasa ni mzima.

Masele alifika wodini akasimama mlangoni. "Shemeji, nilitaka fisi tu," alisema.

Machinjio sasa yana shimo la mabaki lenye mfuniko. Masele amejenga zizi jipya la miiba minene, na Kabula amewaomba wafugaji wampe nafasi ya kuzungumza kuhusu sumu katika mkutano wao ujao, ingawa hajawahi kusimama mbele ya watu.

Mwezi uliopita tumbusi wawili walizunguka juu sana, kisha wakaondoka bila kutua.

"Kiangazi kinarudi, fisi wataua tena, na watu watakasirika," anasema. "Nataka siku hiyo wanikute mimi kwanza, kabla hawajaishika chupa ya sumu."