Barua ya Mwalimu Ndani ya Kompyuta

Jumanne nilikuwa kwenye kaunta ya chama cha wanahistoria hapa Thika, nimekwenda kujiunga. Mbele yangu alisimama mwalimu mzee kutoka Mwiki, kofia mkononi, akiulizia makala yake kuhusu kina mama wachuma kahawa wa Ruiru.

"Ilikubaliwa, mwalimu," karani akamwambia. "Lakini hukujibu, kwa hivyo nafasi yako katika kitabu cha chama ikapewa mwingine."

"Sikupata barua."

"Tulituma kwa imeli. Siku hizi karatasi hatutumi, ni sheria mpya ya kutunza miti. Kila mwanachama tumemfungulia anwani, ndiyo asiachwe mtu nje."

"Mimi sijawahi kugusa kompyuta. Nani aliniambia nina anwani?"

Karani aliangalia kioo cha mashine. "Hiyo pia tulituma kwa imeli."

Mwalimu hakuinua sauti. Alisema wale kina mama walikuwa saba alipoanza kuwahoji, na sasa amebaki mmoja, ambaye humuuliza kila Jumapili kama kitabu kimetoka. Akaomba apigiwe chapa ile barua ya kukubaliwa, akamwonyeshe. Karani akatikisa kichwa, kisha akamgeuzia kioo. Mwalimu akatoa daftari, akainakili kwa mwandiko wa ubaoni, neno kwa neno, mpaka tarehe ya mwisho ya kujibu, iliyokwisha pita.

Sheria yenyewe imebandikwa ukutani. Niliisoma yote, na haina kosa hata moja la sarufi. Zamu yangu ilipofika nilijaza fomu ya uanachama, nikaandika sanduku langu la posta. Karani akalikata kwa kalamu.