Mikono ya Nusu Kaputi

Hospitali nzima ilimwita Nusu Kaputi, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuwalaza wagonjwa, jina lilimkaa barabara. Alikuwa muuguzi aliyesomea dawa za usingizi mwaka mmoja na nusu. Mwenzake alihamishwa, wakubwa wakaahidi kuleta mwingine, na mwaka wa nne huu bado wanaahidi. Wana maneno matamu hao, acha tu.

Asubuhi hiyo wajawazito wawili walihitaji kupasuliwa. Kwanza aliingia binti mwembamba, uchungu umemlegeza. Nusu Kaputi akamchoma sindano ya mgongo, akamtania, “Leo ukitaka kutoroka, miguu itakukana.” Binti akacheka. Punde midomo ikafifia, pumzi ikakatika. Dawa ilikuwa imepanda juu mno, hadi kwenye misuli ya kupumulia.

Mashine ya kupumulia ilikuwa mbovu, imefunikwa shuka tangu mwaka juzi. Akambana barakoa usoni, akashika mfuko wa mpira, akaanza kumpa hewa kwa mkono. Minya, achia. Minya, achia. Mtoto akatolewa akilia, daktari akashona, yeye anaminya.

Mkunga akachungulia mlangoni. “Kaka, huyu wa nje mtoto amelala kingamo, na mapigo yake yanashuka. Tumlete?”

“Nikimwachia huyu anakufa.”

“Si umpe mwingine aminye?”

“Barakoa ikilegea kidogo tu, hewa yote inapita pembeni. Aliyefundishwa yuko wapi, dada? Nitajie.”

Mkunga akarudi mbio kwa mgonjwa wake. Daktari alimaliza kushona, akabaki amesimama na mikono yake mizima, hana wa kumlazia mgonjwa. Mkunga akaja tena, akaja mara ya tatu.

“Mapigo siyasikii tena.”

Haikupita nusu saa, binti mwembamba akavuta pumzi mwenyewe. Vidole vya Nusu Kaputi havikunyooka. Moyo ulimuuma, akatamani kumchukia mtu, na mle chumbani hakukuwa na wa kumchukia.

Wa pili akaingizwa, maana mtoto aliyelala kingamo hatoki bila kisu, awe hai au mfu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa mapigo ya mtoto yamepotea. Kila mmoja alimwachia mwenzake. Mama akaketi mezani, akainama, akautoa mgongo bila kuelekezwa.

“Nichome ya mgongo, kaka, nisilale,” akasema. “Nataka nimsikie akilia.”

Nusu Kaputi akairudisha sindano ya mgongo kwenye trei, akavuta dawa ya kumlaza kabisa.