Maji Matupu Sebuleni

Wivu wa kwanza wa ndoa yangu uliletwa na sanduku la kioo lisilokuwa na samaki.

Uhuru ulikuwa bado mpya tulipohamia Kakamega. Mume wangu alifundisha jiografia katika shule ya wavulana, nami nilikuwa nyumbani nikingoja nafasi ya ualimu. Yeye ni mzaliwa wa Mombasa, mimi ni wa Khwisero, hapo jirani. Mji aliupenda, lakini mvua ya alasiri ilikuwa ikimnyamazisha. Siku moja akatangaza kwamba atafuga samaki wa baharini. Nilidhani ni mzaha, mpaka lori lilipofika kutoka stesheni ya Kisumu likiwa na mapipa ya maji ya chumvi na gunia la mchanga wa pwani.

Mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea, alichovya kidole akalamba.

"Mtu anasafirisha maji kuyaleta huku kwetu?" akauliza. "Huku kwenye mvua hivi?"

Sanduku lilijazwa, likawekwa sebuleni, na mashine ndogo ya umeme ikawa inapuliza mapovu kutwa. Nikauliza samaki wako wapi. Mume wangu akacheka, akanieleza kwamba maji mapya huua samaki. Lazima kwanza yapevuke. Akachukua kipande cha samaki niliyemnunua sokoni, akakitumbukiza mle kioze. Uozo utatoa sumu, alisema, na mchangani kutazaana vijidudu visivyoonekana vya kuila sumu hiyo. Vikiwa vingi vya kutosha, maji yatasafika, ndipo samaki aletwe. Mimi niliona tu kitoweo changu kinaoza sebuleni.

Kisha akaanza kuja mwalimu mmoja wa kemia.

Alifundisha shule ya wasichana, na maabara yake ilikuwa na dawa ya kupimia sumu ile. Alikuwa bado hajaolewa, naye pia alitoka Mombasa. Alikuja jioni na kichupa chake, akachota maji kidogo, akadondoshea dawa, na maji yakageuka manjano. Wakainama pamoja juu ya rangi ile, vichwa karibu vigusane. Walizungumza Kiswahili cha kwao, cha haraka, chenye vichekesho vilivyonipita kabla sijavishika. Mimi nikisema "mara", walisikia "mala", wakatabasamu kwa adabu. Adabu yao iliniuma kuliko kama wangenicheka.

"Wifi, chai yako tamu," aliniambia.

Wifi! Anayeniita wifi ni dada ya mume. Huyu alikuwa dada ya nani? Siku iliyofuata alipokuja, nilisonga obusuma, ugali wa kwetu, kwa kishindo mpaka sufuria ikalia, na chai sikupika.

Alipoondoka nikamkabili mume wangu.

"Anaangalia nini kila siku? Humu hamna hata kiluwiluwi."

"Anapima maji. Yule ni dada yangu tu."

"Dada wa tumbo lipi?"

Akaenda kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Wiki ile ile mwalimu alikuja wakati mume wangu yuko uwanjani na wanafunzi. Ningeweza kumwambia mwenye nyumba hayupo. Badala yake nilimfungulia mlango, nikasimama kando yake, nikamuuliza waziwazi anafuata nini kwangu.

Hakukasirika. Aliinamisha uso karibu na maji, akavuta pumzi.

"Samaki mimi sina haja nao," akasema. "Nakuja kunusa kwetu. Hebu nusa."

Nikanusa. Kulikuwa na uozo, chumvi, na kitu kingine nisichokijua. Yeye machozi yalikuwa yamemlenga. Nilimwonea huruma, na papo hapo wivu ukanizidi. Kama angekuwa anamtaka mume wangu, ningejua la kufanya, kugombana naweza. Lakini wawili wale walikuwa na kwao kumoja, na huko mimi sikuwa nimewahi kukanyaga.

"Nifundishe kupima," nikamwambia.

Akanifundisha, akaniachia kichupa na dawa. Nikapima kila asubuhi mume wangu akishatoka. Manjano ilikolea, ikakaa, kisha ikaanza kupauka, mpaka siku moja dawa ilipodondoka na maji yasibadilike hata kidogo.

"Maji yako yako tayari," nilimwambia aliporudi.

"Amekuambia yeye?"

"Nimepima mimi."

Akaomba nimwonyeshe. Nikampimia mbele yake. Safari ile vilivyoinama vilikuwa vichwa vyetu viwili.

Binamu ya mume wangu alimleta kutoka Mombasa kitatange, samaki mdogo mwenye mistari, ndani ya mtungi wa kioo aliokuwa ameupakata njia nzima. Mwalimu alialikwa. Mume wangu akanikabidhi mtungi, nami nikamwachia samaki polepole. Alijificha nyuma ya jiwe, kisha akatokeza. Pale pale wale wawili wakasema neno moja kwa pamoja, neno la kwao, wakacheka. Nikahisi kisu kile kile cha wivu.

Samaki aliishi. Mwalimu aliendelea kuja, siyo kila siku tena, na chai nikampikia. Likizo za nyuma mume wangu alikuwa akisafiri peke yake kwenda kuwaona wazazi wake, kwa kuwa mimi nilisema safari ni ndefu. Disemba ilipokaribia, nilimwambia akate tikiti mbili.

"Wewe uende Mombasa?"

"Niende," nikasema. "Na tukiwa huko, ongea nami polepole."