Spoila ya Gari Lisilo na Injini

Nesi alipompangusa binti yangu mkono kwa spiriti, kwenye kliniki hapa Thika, harufu ile ilinirudisha nyumbani Murera, penye gari letu lililokaa juu ya mawe bila injini.

Baba alikuwa ameleta spoila, lile bawa la kubandikwa nyuma ili gari lionekane la mbio. Alisugua buti ya gari kwa spiriti mpaka vumbi jekundu likaisha, akabandua karatasi iliyofunika gundi ya spoila, akamwita mama. Mama alitoka jikoni na unga wa chapati mikononi.

"Ai! Gari haina injini, sasa hiyo ni ya kukimbia wapi?"

"Injini itakuja. Ikuje ipate gari imevaa. Shikilia hapa, na usiachilie mpaka nikuambie."

Mama alicheka mpaka akakohoa, lakini hakuachilia. Sisi watoto tulikuwa ndani ya gari, tukinguruma kwa midomo.

Injini haikuja. Siku hizi mama huanika vitambaa vyake juu ya ile spoila. Akishaanua cha mwisho, huibonyeza kwa viganja viwili, akangoja kidogo kama anayesubiri kuambiwa aachilie, ndipo anaingia ndani.