Darubini Isiyolegea

Jérémie alipomkosa pongo mawindoni karibu na Mokambo, mpakani mwa Kongo na Zambia, ukoo wake haukuilaumu darubini ya bunduki iliyolegea njiani. Kwao, mwindaji hukosa shabaha ndoa inapochafuliwa na uzinzi, na aliyetazamwa ni mkewe, Dorcelle. Mama mkwe alimwita malaya mbele ya majirani. Jérémie akanyamaza, na kimya hicho Dorcelle hakukisamehe.

Dorcelle alikwenda sokoni mwenyewe kutafuta darubini mpya. Muuzaji akamwonyesha darubini inayong'aa.

"Hii iko muzuri, mama!"

"Leta kwanza beseni ya maji."

Aliizamisha, kioo kikaingia ukungu, akairudisha. Nyingine, nyeusi na nzito, ilitoka kavu ndani. Akaigongagonga mezani, akachungulia: msalaba wake wa kulengea haukusogea.

"Unapenda bwana yako sana," muuzaji alitania.

"Sana," alijibu Dorcelle, bila kucheka.

Jioni alimkabidhi Jérémie darubini hiyo mbele ya mama mkwe. "Hii haitalegea, papa Benita," alisema, akimwita kwa jina la binti yao. " Na mimi niko safi. Ukikosa tena, mama atatuambia muchafu ni nani."

Jérémie aliigeuzageuza mikononi. Kisha akasema wiki hii hatakwenda porini, mgongo unamuuma.

Mama yake akageuka kutoka kwa Dorcelle, akamtazama mwanawe.