Mtandio Ndani ya Boneti

Kwa miaka mingi kuliko niliyofundisha sayansi, mke wangu aliuza chai na chapati kwenye foleni ya malori ya mpakani, hapa Tunduma. Foleni ile huweza kusimama siku tatu, na dereva aliyesimama siku tatu huongea. Kila jioni mke wangu alirudi na birika tupu na habari tele: dawa ya figo iliyothibitishwa na utingo, bei ya mahindi ng'ambo, ugonjwa wa mbuzi. Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Nani amekwambia?"

"Foleni, Mwalimu."

"Foleni haijasoma."

"Lakini imesafiri," alijibu, akacheka mpaka akakaa chini.

Siku moja alileta habari ya kichujio cha hewa, kile ambacho mafundi wote hukiita ea klina. Dereva wa lori la shaba alikuwa amemweleza kwamba, kwenye barabara za vumbi, yeye hukivika kitambaa chepesi ili vumbi zito linaswe kabla ya kuifikia karatasi. Nilikataa. Nilimfungulia kitabu cha pikapu yetu, nikamsomea: injini huvuta hewa, karatasi ile iliyokunjwakunjwa huiruhusu hewa ipite na kuuzuia mchanga ambao ungekwangua silinda. Ukiongeza kitambaa unaibana pumzi.

"Gari langu halitavaa kitu ambacho kiwanda hakikulivika," nilisema.

"Haya, baba."

Kukisafisha kichujio ilikuwa kazi yake, kwa kuwa vumbi hunishika kifua. Kila Jumamosi alifungua boneti, nami nikasimama dirishani nikitoa maagizo: usikioshe kwa maji wala petroli, kigonge taratibu juu ya ubao, upepo wa pampu utoke ndani kwenda nje, usije ukalididimiza vumbi. Aliinama huku amenipa mgongo, akiitikia kila agizo. Kiangazi tulishuka Chitete kwa dada yake, barabara ikitifuka nyuma yetu, na pikapu ikapanda kurudi bila kulalamika. Niliwaambia watu wengi kwamba hayo ni matunda ya kufuata kitabu. Mara nyingi mke wangu mwenyewe alikuwapo, akimimina chai.

Sasa amelala huko Chitete, kwao, kama alivyotaka. Mwaka mzima sikuligusa sanduku la kichujio. Nilikagua mafuta, nilikagua maji. Lile sanduku lilikuwa lake. Kisha nikajiandaa kwenda kusimama kaburini kwake, na gari likagoma. Kilima kidogo tu cha kutoka sokoni kililifanya liheme na kutoa moshi mweusi. Safari ya Chitete na kurudi isingewezekana.

"Hiyo ni pampu ya mafuta, mzee," alisema fundi gereji baada ya kunisalimu. "Mlio wenyewe nausikia."

"Sikulileta ulisikie. Fungua."

Alifungua vibanio vya sanduku, akarudi nyuma hatua moja.

"He! Mzee, ea klina yako imevaa sketi!"

Ulikuwa mtandio wa buluu wa mke wangu, ule mwepesi ambao, kwa maelezo yake, ulipotea safarini Mkwajuni. Alikuwa ameukata na kuushona kwa mkono, akapitisha mpira ukingoni ili uvuliwe, ufuliwe na kuvishwa tena. Ulikuwa umekakamaa kwa vumbi kama ukuta uliokandikwa. Niliuvua mwenyewe. Kwa kuwa siamini kitu nilichokitazama kivulini, nilikibeba kichujio nje, nikakiinua kuelekea jua na kukikagua mkunjo kwa mkunjo. Mwanga ulipita kote.

Fundi alikirudisha bila mtandio, akawasha. Injini ikanguruma kama ilivyokuwa zamani.

Niliwahi kusema kitambaa kitaibana injini pumzi, na kilikuwa kimeibana. Yeye alisema kitailinda karatasi, na kilikuwa kimeilinda. Kilichokosekana ni mikono iliyokifua kila Jumamosi, nikiitazama kutoka dirishani bila kujua inafanya nini. Angalau mara moja ningeweza kutoka nje nikaangalia. Ningejionea mwenyewe, nisisikie kwa mtu.

"Niutupe, mzee?"

"Thubutu!"

Nyumbani niliufua kwa sabuni ya mche. Maji yalitoka mekundu, kisha hudhurungi, kisha meupe. Vumbi la safari yetu ya mwisho pamoja lilikuwa humo, na nilisita kuyamwaga maji yale. Niliuanika kwenye kamba yake. Jumamosi ulikuwa umekauka. Nilijifunga kitambaa puani, nikafungua boneti, nikauvisha mahali pake, mshono ukielekea chini kama alivyouweka yeye. Kesho yake ningeshuka Chitete nikamwambie.

Nilipoinua kichwa nilitazama dirishani. Hapakuwa na mtu wa kuniuliza nani amenifundisha.