Wimbo wa Kuanua Dagaa

Mjukuu wangu aliimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu hapa Bangwe. Shule ilimshinda, biashara ya vitenge ikamshinda, kwaya ndiyo iliyomkubali. Kwa hiyo niliposikia mwalimu wa kwaya anataka kumtoa, sikukaa. Nilijifunga kitenge nikaenda na mtoto kanisani.

Kosa lake nililijua. Mwalimu anapenda nyimbo kubwa za zamani za Wazungu, zile ambazo neno moja linazungushwa mpaka mpiga kinanda anachoka. Sauti ya kwanza inalitoa, ya pili inalikimbiza, ya tatu inadandia njiani, ya nne inanguruma huko chini. Mjukuu wangu akatunga wa kwake kwa mtindo huohuo, ila maneno yakawa: mvua inakuja, anueni dagaa. Mpaka sauti ya kwanza imalize kusema "mvua", dagaa wameshalowa na kuoza. Vijana wa kwaya waliuimba kila walipokutana, wakicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilimwambia nyimbo za kanisani hazichezewi.

Tulimkuta mwalimu nje ya kanisa, vijana wamekaa kwenye mabenchi. Mtoto akapiga goti, akaomba radhi. Mwalimu akasema ameipokea, lakini kabla hajaamua anataka kuusikia huo wimbo wenyewe, wote, bila kucheka.

Wakaimba kwa woga, na woga ukawafanya waimbe vizuri.

Sasa, kanisa letu limepakana na mchanga tunaoanikia dagaa. Na kwetu mtu akiita mvua, hakuna anayeuliza nani kaita wala dagaa ni wa nani. Unaanua wako na wa jirani. Sauti zote nne zilipokutana kwenye "anueni", kina mama waliokuwa mchangani waliinuka wote, fagio na mabeseni mkononi, wakaanza kukusanya. Jua linawaka. Mimi mwenyewe nilishaanza kuelekea mchangani, na wimbo huo nimeusikia nyumbani wiki nzima.

Walipotazama ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, mvua inakotokea, na kukuta mbingu nyeupe, wakaja juu. Mmoja akauliza ni mwendawazimu gani kaita mvua. Mjukuu wangu akaangalia chini.

Mwalimu akanigeukia. Kisha akasema, "Bibi, miaka yote nawaimbia watu 'inukeni'. Hajainuka mtu."

"Kwa hiyo unamtoa au humtoi?" Sikwenda pale kusikiliza mafumbo.

"Abaki. Ila sauti ya nne wanakimbia. Rudieni."

Wale mama wakasema hakuna kurudia mpaka dagaa warudi mchangani. Vijana wakashuka kuwasaidia, mwalimu naye akakunja suruali. Wimbo uliporudiwa, yule aliyeuliza habari za mwendawazimu alikuwa ameinama anamalizia kuanika wa mwisho, akaingia na sauti ya nne, nzito, ikawafunika wavulana wote.

Mwalimu akawanyamazisha wengine kwa mkono. "Mama, wewe endelea," akamwambia.